Kiungo Kiko Wapi?

Mtu akikuuzia kitu kilichowahi kuharibika, kikatengenezwa, na sasa kinafanya kazi vizuri, je, ana deni la kukwambia? Sizungumzii kitu kibovu. Kibovu ni kesi nyepesi: kumuuzia mwenzako redio iliyokufa huku ukimwapia kwamba inaimba ni utapeli, hakuna mjadala. Nazungumzia kitu kilichopona. Kinawaka, kinafanya kazi yake, na kwa macho huwezi kukitofautisha na kingine ambacho hakikuwahi kuugua. Kovu lipo, ila lipo chini ya nguo. Ukinyamaza, umedanganya?

Swali lenyewe ni la kale kuliko umeme, na tutafika huko. Kwangu mimi lilipitia kwenye waya wa monita. Mmezoea kukuta riwaya na diwani kwenye ukumbi huu, kwa hiyo naomba mnivumilie kwa aya chache za waya na lehemu. Maswali ya maadili yakikosa kitu cha kushika mkononi huwa mepesi mno. Kila mtu anayajibu vizuri.

Monita ninayoisema ni ya inchi 17, ya kizazi cha mwanzo cha hizi bapa, iliyoingia Dar es Salaam kama mtumba kutoka Ulaya na kufika kwangu kupitia duka moja la Kariakoo. Ina tabia moja ya kuudhi. Monita nyingi zina tundu mgongoni: waya wa picha ukifa unauchomoa, unanunua mwingine, unachomeka, maisha yanaendelea. Hii yangu imezaliwa na waya wake. Hauchomoki, unaingia mgongoni na kupotelea humo ndani. Kwa hesabu za dukani, waya huo ukifa monita nzima imekufa.

Basi ukaanza kufa. Weupe wa ukurasa niliokuwa nauandika ukageuka kuwa rangi ya bahari kwenye kina kifupi, buluu iliyochanganyika na kijani. Nikiugusa waya pale unapopindia nyuma ya meza, weupe unarudi. Nikiuachia, bahari inarudi.

Anayejua waya wa aina hii unavyofanya kazi hahitaji kufungua kitu ili ajue ugonjwa. Ni waya wa VGA, mfumo ambao kampuni ya IBM iliutoa mwaka 1987 pamoja na kompyuta zake za PS/2: kichwa chenye pini 15 zilizopangwa safu tatu. Picha haisafiri humo kama picha. Inasafiri kama vijito vitatu, kila kimoja kwenye uzi wake: nyekundu kwenye pini ya 1, kijani kwenye pini ya 2, buluu kwenye pini ya 3. Pini ya 13 na ya 14 hubeba mapigo ya kuiambia skrini lini ianze mstari mpya na lini irudi juu kuanza picha upya. Kwa hiyo weupe wa skrini si rangi moja. Ni makubaliano ya watatu. Nyekundu ikikosekana, kinachobaki ni kijani na buluu, ndo ile bahari. Kijani kikikosekana, ukurasa unakuwa zambarau inayoelekea waridi. Buluu ikikosekana, kila kitu kinakuwa manjano kama kimelowekwa kwenye binzari. Monita ni mgonjwa anayejua kueleza anapoumwa.

Chanzo chake kilikuwa cha kawaida. Shaba ikipindwa mahali pamoja kila siku hukakamaa, na ikishakakamaa huvunjika, hata kama mpira wa nje bado unaonekana mzima. Kiswahili kina upole wake hapa: waya umekatika, haujakatwa. Hakuna mhalifu. Ni matumizi tu.

Fundi wa jirani nilipomwonyesha alicheka. "Tupa hiyo, bosi. Ukipiga hesabu ya muda wako, umeshapata nyingine." Na methali anayo: cha kuvunda hakina ubani. Mimi nikamjibu kwa yangu, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tukabaki tunatazamana, maana methali zetu zina desturi ya kupingana na kumwachia mtu kazi ya kuamua. Kweli, kufukiza kilichovunda ni kupoteza ubani. Lakini nani kasema kimevunda? Skrini ile ina nukta 1,280 kwa upana na 1,024 kwenda juu, yaani nukta 1,310,720, na zote zilikuwa nzima. Taa yake ilikuwa nzima. Kilichokufa ni uzi mmoja mwembamba, kipande cha sentimita chache. Kuitupa ilikuwa sawa na kumzika mtu kwa sababu kidole chake kimetenguka.

Kuna na hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za vifaa vya umeme, iliyotolewa mwaka 2024, inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo: asilimia 22.3. Zilizobaki haziyeyuki hewani. Kwa miaka mingi Agbogbloshie, jijini Accra, palikuwa mahali ambapo vijana walichoma nyaya ili mpira uungue ibaki shaba, na moshi wa plastiki ile ndio ukawa hewa yao, mpaka soko lile la vyuma chakavu lilipobomolewa mwaka 2021. Na shaba si mgeni kwetu wazungumzaji wa Kiswahili. Kusini mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya migodini, ni miongoni mwa maeneo yanayotoa shaba nyingi zaidi duniani. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo la Katanga liliitwa rasmi Shaba, kwa neno letu hili hili. Kila waya unaotupwa jalalani una kitu ambacho mtu fulani, mahali fulani, alikichimba kwa jasho.

Hivyo nikaamua kutengeneza. Na hebu lisikilize hilo neno. Ukisema fundi anatengeneza kiti, umesema anakiunda kutoka mbao, au anarudishia mguu uliovunjika. Msikilizaji hatofautishi mpaka aulize. Kwa lugha yetu kuunda na kuponya ni kazi ya jina moja.

Kazi yenyewe, kwa anayetaka kujua, iko hivi. Kwanza kila kitu kinachomolewa kwenye umeme. Monita yenyewe haifunguliwi. Ndani kuna kapasita zinazoweza kukupiga hata baada ya kuchomoa, na tatizo haliko huko. Unaukata waya nje, unaondoa kipande kilichokufa. Ukimenya mpira wa juu unakutana na wavu wa nyuzi za chuma, kisha karatasi ya foili, na ndani yake familia nzima: nyaya tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila mmoja na wavu wake mdogo, pamoja na nyuzi nyembamba za rangi mbalimbali. Kila uzi unauvalisha kimrija cha plastiki inayosinyaa kwa joto kabla ya kuunga, maana ukishaunga hakuna tena mlango wa kukipitishia. Unaunga kwa kupishanisha, kiungo hiki hapa, kingine mbele kidogo, ili visigusane wala visifanye nundu. Lehemu ya bati na risasi, ile ya 60 kwa 40, huyeyuka kati ya nyuzijoto 183 na 190. Unagusa, inatiririka, unaondoa chuma. Dirisha liwe wazi, na ukimaliza unanawa mikono kwa sababu ya risasi. Halafu unapima kwa mita, kutoka kwenye pini hadi ng'ambo ya kiungo, na unahakikisha majirani hawagusani. Hapo ndipo unapopasha joto vimrija vyako, unarudisha foili, unauunga na ule wavu, unazungushia tepu.

Weupe ukarudi. Ila haukurudi kama ulivyoondoka. Waya wa aina hii umeundwa uwe na tabia moja toka mwanzo mpaka mwisho. Wahandisi huipima kwa omu 75. Kwenye kiungo tabia hiyo inakatika kwa sentimita chache, na sehemu ndogo ya mawimbi inagonga pale na kurudi nyuma, kama sauti inavyorudi ukiita bondeni. Matokeo yake kwenye skrini ni kivuli chembamba sana upande wa kulia wa kila herufi. Ukikaa umbali wa mkono hukioni. Ukisogeza pua unakiona. Nilifanyia kazi monita ile miezi kadhaa na sikuwahi kukwazika.

Kisha nikapata kompyuta ya mkononi, na mama mmoja mwenye steshenari mtaani kwetu akawa anatafuta skrini. Anachapa barua za kuomba kazi, risala za harusi, ratiba za mazishi. Skrini yake ilikuwa imezimika na wateja walikuwa wanahamia duka la pili. Nikataja shilingi 60,000. Kabla hajaja kuiona, yule fundi akanipa ushauri, na sitaki kumfanya awe shetani wa hadithi hii, kwa sababu hoja yake ni nzuri kuliko inavyosikika mara ya kwanza.

"Ukimwambia imeungwa ataogopa, haichukui," alisema. "Atakwenda kununua nyingine ambayo nayo imeungwa, ila muuzaji kanyamaza. Wewe ukinyamaza, itamfanyia kazi miaka. Sasa kwa kusema umemsaidia nani? Umejisaidia wewe, ulale vizuri."

Soma tena hiyo ya mwisho. Ni mashtaka mazito. Fundi anasema kwamba ukweli wangu unaweza kuwa anasa: nanunua usingizi wangu kwa hofu ya mama wa watu, kisha namwacha aende kuumia kwa muuzaji mwingine. Kwa maneno mengine, kuna ukweli unaosemwa kwa ajili ya msemaji. Anayebisha kwamba ukweli wa namna hiyo haupo hajawahi kukaa karibu na mtu anayependa sana kusema ukweli.

Hoja hii ina babu yake. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe aliyekuwa anasoma Athens kitabu kuhusu wajibu, na katika sehemu ya tatu ya kitabu hicho anasimulia mvutano wa wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mfano wao mmoja ni wa mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye tu: watu wanadhani ni salama kumbe inaleta maradhi, nyoka wanaonekana vyumbani, mbao zake ni mbovu. Je, aseme? Antipater anashikilia kwamba aseme; kunyamaza ni kama kumwacha mtu apotee njia ilhali wewe unaijua. Diogenes anajibu kwamba kunyamaza si kuficha. Mnunuzi hakulazimishwa, ana macho yake na akili yake, na hakuna dalali anayesimama kutangaza ubaya wa mali anayoinadi. Cicero anaangukia upande wa Antipater. Si kila kunyamaza ni kuficha, anakubali. Lakini ni kuficha pale unapotaka, kwa faida yako, wanaohusika kulijua jambo wasilijue.

Kipimo hicho kinanifikisha nusu ya njia. Nikijipima nacho kwenye bei, jibu liko wazi: ile 60,000 ilikuwa bei ya mtu asiyejua, na kunyamaza kungekuwa kwa faida yangu, hata kama ningekivisha kanzu ya huruma. Lakini fundi bado ana neno. Nyumba ya Cicero ilikuwa bado mbovu. Nyoka walikuwa bado wanaingia. Monita yangu imepona. Ugonjwa uliokwisha unamhusu nini mnunuzi?

Wachumi nao wana jibu la upande wa pili wa hoja, ule wa "wote wananyamaza". Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa walioshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa namna hiyo. Wazo lake, kwa lugha ya sokoni, ni hili: pale ambapo muuzaji anajua na mnunuzi hajui, mnunuzi analipa bei ya kubahatisha, mwenye kitu kizuri anaona anapunjwa, anaondoka, soko linabaki na vibovu. Yeyote aliyewahi kununua simu ya mtumba anaelewa bila kusoma makala yoyote. Kinachomfanya mama wa steshenari aogope neno "imeungwa" ni wale wote walionyamaza kabla yangu. Kila anayenyamaza anamtwisha mzigo anayetaka kusema. Sawa. Lakini hiyo bado ni hoja ya soko. Haijaniambia nina deni gani kwa mama huyu mmoja na monita hii moja.

Tena nadhani hofu ya neno lile haitoki sokoni peke yake. Imo pia kwenye lugha. Neno letu aibu limetoka Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni kasoro, dosari ya kitu. Katika fikihi ya biashara lina kazi ya wazi: muuzaji anatakiwa kuitaja aibu ya bidhaa, na mnunuzi akigundua iliyokuwepo kabla hajakabidhiwa, ana hiari ya kuirudisha. Ni neno la ghalani, la mtu anayeingiza mkono kwenye gunia kukagua. Waarabu wenyewe hulitumia pia kwa fedheha, lakini sisi tumelichukua upande huo karibu wote. Kwetu kasoro imehama kutoka kwenye gunia ikaingia usoni pa mtu. Ndiyo maana anayesema "hapa pameungwa" anajisikia kama anayevua nguo hadharani, na anayesikia anajisikia kama anauziwa fedheha. Angalia tunavyopeleka suruali iliyochanika goti kwa fundi cherehani. Sharti letu ni moja: isionekane. Hatumsifu kwa uimara wa mshono. Tunamsifu kwa kuufanya mshono upotee.

Mama akaja. Nikamwambia. Wala haukuwa ushujaa. Kivuli kile kwenye herufi kingejisema chenyewe siku yoyote atakayosogeza miwani karibu. Nikamwonyesha weupe, nikamwonyesha kivuli, nikamwambia, mama, waya huu ulikatika ndani, nikauunga. Nikasubiri kuona ataogopa au atashusha bei. Bei alishusha, ndo biashara, tukaishia 45,000. Kuogopa hakuogopa. Aliuliza swali ambalo mimi, fundi, Diogenes na Antipater hatukuwa tumelifikiria:

"Kiungo kiko wapi, mwanangu, nijue nisipakunje?"

Nikamshikisha. Akapapasa kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo kama anayeitazama meza yake ya dukani akiwa mbali nayo. "Basi hapa patakaa juu ya meza," akasema. "Huku chini kuna droo, ingepabana."

Kumbe jibu la fundi lilikuwa hapo. Kiungo cha lehemu kina udhaifu wake maalumu: shaba iliyolowa lehemu ni ngumu, shaba inayofuata ni laini, na waya ukikunjwa hukatikia hapo mpakani. Ukiwekwa unyooke unaweza kudumu kuliko monita yenyewe. Ukibanwa na droo, itafika siku, na aghalabu ni siku ambayo mtu anasubiri ratiba ya mazishi ichapwe, bahari itarudi kwenye ukurasa. Kwa hiyo umri wa kiungo changu haukuwa mikononi mwangu tena. Ulikuwa mikononi mwa mama. Na mkono usiojua hauwezi kutunza.

Fundi aliuliza: kwa kusema umemsaidia nani? Sasa namjibu: nimeusaidia waya. Kusema kiungo kilipo si ungamo linaloletwa baada ya kazi ili mfanyakazi alale vizuri. Ni sehemu ya kazi, kama kuzungushia tepu. Ukarabati una hatua ya mwisho isiyohitaji chuma cha moto, nayo ni kumwambia anayefuata mahali pa kutokunja. Anayenyamaza hauzi kitu kilichopona. Anauza matibabu yaliyoachwa njiani. Ule ubishi wa Diogenes, kwamba kunyamaza si kuficha, unadhani kwamba habari ni kitu kimoja na bidhaa ni kingine, kwamba naweza kukukabidhi nyumba na kubaki na habari zake. Kwa kitu kilichoungwa haiwezekani. Habari ya kiungo ni kipande cha kitu chenyewe. Ukibaki nayo, umebaki na spea.

Hata methali tuliyoizoea, usipoziba ufa utajenga ukuta, inasema ziba. Haisemi upake rangi juu yake mpaka wote wasahau ulikuwa wapi. Siku hizi viungo vyangu navifunga kwa tepu nyekundu. Nyeusi inapendeza zaidi, nakubali, ila inapendeza kwa sababu inanyamaza.

Sasa msomaji mwerevu atanishika hapa: na watu je? Maana na sisi tumeungwa. Kuna aliyeacha pombe. Kuna ndugu waliopatana baada ya kesi ya shamba. Kuna ndoa iliyovunjika ikarudi, na mtu aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili, akapona, akarudi kazini. Nao tuwafunge tepu nyekundu?

Hapana. Na hapa lugha ile ile iliyotupa aibu inatupa neno lingine la kuizuia: stara. Kumsitiri mtu ni fadhila. Kumwanika ni ubaya hata kama unayosema ni kweli tupu. Bidhaa haina uso. Ukiitangaza kasoro yake haiumii, wala haikosi usingizi. Mtu akilazimishwa kutangaza kovu lake kila mlango anaoingia, hatapona kamwe. Atakuwa mgonjwa wa kudumu kwa sababu tu watu hawaachi kumuuliza. Anayechukua kanuni ya monita na kuibandika kwa jirani yake mzima mzima atakuwa mtu wa kutisha, na sote tumeshakutana naye, kwenye vikao vya ukoo au kwenye makundi ya simu.

Lakini sitaki kuiacha kanuni ile yote mlangoni. Swali la mama halikuwa "uliharibika nini?" wala "nani aliyeharibu?" Lilikuwa "nisipakunje wapi?", swali la mtu ambaye ataweka mkono wake pale kila siku. Hilo swali hata binadamu anaweza kuulizwa bila kudhalilishwa, kwa masharti mawili. Anayeuliza awe ndiye atakayeweka uzito wake pale: mchumba, mshirika wa biashara, rafiki anayekwenda naye kwenye sherehe zenye vinywaji. Na anayejibu awe ni mwenye kiungo mwenyewe, si mpita njia anayejua habari zake. Aliyeacha pombe hana deni kwa mtaa mzima. Ana deni dogo kwa yule atakayekaa naye meza moja, na deni hilo likilipwa linamlinda yeye kwanza: atapata mtu mmoja wa kumsogezea soda bila kuuliza maswali.

Na hapo tunafika mahali ambapo monita haiwezi kutufikisha. Anayejua kiungo kilipo anajua pia mahali rahisi pa kuvunjia. Habari ni ile ile. Mama wa steshenari aliitumia kuupitisha waya juu ya meza. Mwingine, kwenye ugomvi wa mke na mume au wa ndugu wa shamba moja, ataitumia kuchagua pa kupiga: "Si wewe uliyewahi kulazwa?" Nadhani hiki ndicho tunachokiogopa hasa tunaposema tunaona aibu. Kasoro yenyewe tunaweza kuishi nayo. Tunaogopa mkono wa aliyeambiwa.

Kama ni hivyo, basi mjadala wa wale Wastoa wawili ulimtazama mtu mmoja tu. Waliuliza muuzaji ana wajibu gani wa kusema. Hawakuuliza anayeambiwa ana wajibu gani baada ya kusikia, na mimi naona huo wa pili ndio mzito zaidi. Tukishangaa kwa nini mafundi wananyamaza, kwa nini ndugu hawasemi, kwa nini kila mshono unatakiwa usionekane, tujiulize pia sisi wenyewe tukishaonyeshwa kiungo cha mtu huwa tunakifanya nini.